Mchezo Uliokosa Wapagazi

Mawese yakiungua hayana siri. Harufu yake huingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye uji wa jirani, na mtaa mzima hujua nani kaharibu. Juzi mkwe wangu kasahau sufuria jikoni, nami nikakaa uani nacheka peke yangu. Bibi yangu, Bibi Mwajuma wa Ujiji, mawese yalimuungulia mara moja tu maishani, na sababu ilikuwa mimi.

Nilikuwa darasa la nne, darasa langu la mwisho. Mengine nimefundishwa na dagaa pale mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, na sijapungukiwa. Shuleni kulikuwa na mchezo wa kuwapokea wageni. Ile hadithi mnaijua: mzungu mmoja kapotea, mwenzake kamtafuta, wakakutana hapa kwetu wakavuliana kofia. Kila mgeni akija ndiyo hiyohiyo, kana kwamba kabla ya hapo Ujiji walikuwa wanakaa kenge.

Mwalimu wetu, kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka mbali, akagawa nafasi. Watoto wa maofisa, wenye viatu, wakawa wazungu. Sisi watoto wa Kimanyema, ambao wazee wetu walitoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, tukawa wapagazi na watumwa. Tupite tumefungwa kamba shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, masanduku kichwani. Mimi nikawekwa wa mbele. Wa mbele, jamani! Nilikimbia nyumbani na kamba yangu shingoni, naringa kama bibi harusi mwenye mkufu.

Bibi alikuwa uani anakoroga mawese. Akaniangalia.

"Nani kakuvika hicho?"

"Mwalimu. Mimi ndiye wa mbele, bibi!"

Hakunipiga wala hakufoka. Aliweka mwiko chini, akanishika mkono, tukatoka, sufuria ikabaki motoni. Mwanamke wa Ujiji haachi mawese motoni hata nyumba ya jirani ikiwaka. Hapo ndipo nikaogopa.

Mwalimu alikuwa bado uwanjani na wenzangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hii kamba ya nini?"

"Ni mchezo tu, bibi. Historia yenu hiyo, watoto waijue."

"Aa, mchezo." Bibi akaivua kamba shingoni mwangu polepole, akakipanua kile kitanzi. "Basi lete shingo yako, mwanangu, na mimi nicheze."

Wenzangu wakaangua kicheko. Mwalimu akarudi nyuma, akajikwaa kwenye sanduku. Kisha akakaza uso: asiyefungwa kamba hachezi, na asiyecheza hapati soda.

"Soda kanywe na wazungu wako," bibi akamjibu, tukaondoka.

Nililia njia nzima. Nilimchukia, nawaambia kweli. Nyumbani tukakuta moshi mweusi na majirani wamejaa uani. "Mwajuma, umefiwa?" Akawaonyesha ile kamba, akawaambia ilikotoka. Wanawake wale, ambao jambo dogo tu wangelisema mpaka jua lizame, safari hii hawakukaa hata kidogo. Kila mmoja akaenda kumtafuta mwanawe.

Siku ya wageni hakutokea mtoto hata mmoja wa Kimanyema. Wazungu wetu wawili, na kofia zao za karatasi, wakasimama uwanjani na rundo la masanduku. Ikabidi wayaburute wenyewe. Kofia moja ikaanguka, mwenyewe akakaa juu ya sanduku anahema. Mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Ehe, tuambieni, huku mlifikaje bila watu?" Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nachungulia kwenye ua, sikucheka. Niliona nafasi yangu inapotea bure.

Watu husema wazee wetu walificha asili yao kwa aibu. Hata mimi niliamini hivyo, kwa kuwa bibi hakuwahi kusimulia. Nilishakuwa na watoto ndipo mdogo wake aliponieleza: mama yao alivushwa ziwa akiwa binti mdogo, kafungwa shingo pamoja na mama yake mzazi, na huyo mzazi hakufika. Akanitajia majina yao. Nikakumbuka mbuzi wetu. Kwetu mbuzi alifungwa mguu, shingo kamwe, nami nilidhani ni namna tu ya kufuga. Kumbe bibi hakuficha kitu. Aliishi na msiba ule kila siku, na alichokataa ni ugeuzwe kichekesho cha wageni juu ya shingo yangu.

Mwaka huu vijana wa maonyesho wamenijia, na adabu zao, wanamtaka mjukuu wangu atangulie kwenye msafara wa mchezo uleule. Nimewaambia mtoto mtampata. Atasimama mbele ya wageni, shingo wazi, amtaje kwa jina yule aliyevuka ziwa, na yule ambaye hakuvuka.

Mmoja wao akakuna kichwa. "Sasa bibi, hiyo si itachukua muda mrefu?"

Nikamwambia, mwenye haraka ni mgeni. Sisi tunakaa hapa.