Mikono ya Kwenye Kamba

Wifi yangu alikuwa anaongea huku ana pini mdomoni. Ndivyo nilivyomkuta nilipoolewa, na ndivyo alivyobaki. Alikuwa fundi cherehani, dada mkubwa wa mume wangu. Hakuolewa, hakuzaa, na hakuwa na muda wa kumweleza mtu kwa nini. Ukimuuliza jambo asilotaka kulijibu, alikuwa anachota pini kwenye kikopo, anazibana midomoni moja baada ya nyingine, kisha anakutazama tu. Sasa utamlazimisha mtu amung'unye pini? Unaacha yaishe.

Mimi na yeye hatukuanza vizuri, nisiwadanganye. Siku ya kwanza aliniangalia toka utosini hadi unyayoni, halafu akamwambia mdogo wake mbele yangu, "Huyu mabega yake hayalingani." Nilinuna wiki nzima. Baadaye nikajifungia chumbani nikajipima kwenye kioo, na kweli hayalingani. Gauni alilonishonea lilikuwa la kwanza maishani mwangu kunikaa bila kuteleza upande mmoja, na tangu hapo hasira ikapungua, ingawa sikumwambia.

Alishonea kwenye baraza ya duka la dawa, ubavuni mwa mpiga pasi, mzee mmoja mchangamfu ambaye kila asubuhi alimtania kwamba atamuoa. Kila asubuhi Wifi akamjibu kwamba amalize kwanza kunyoosha kola yake mwenyewe. Chai ya Wifi ilikuwa ya sukari tupu. Kucheka alicheka kwa pua, maana mdomo ulikuwa na kazi nyingine.

Likizo ya msimu wa joto tulikuwa tunahamia nyumbani kwa baba mkwe, ambako Wifi aliishi naye. Mama mkwe alishatangulia kabla sijaolewa. Ndani hakukaliki, bati linatema moto, kwa hiyo kila kitu kilifanyika uani, kando ya tangi la maji. Mimi ni mpishi wa shule, nimezoea sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani, basi pale uani bosi ni mimi na hakuna wa kubisha. Mume wangu alikuwa wa kuchochea moto. Ana mkono wa birika yule bwana, mkaa anautoa kipande kimoja kimoja kama dawa ya mtoto. Kuku wa kuchoma, maharage, viazi vya kubabua kwenye majivu, tulipika na kula hukohuko nje mpaka jua linaposhuka.

Watoto wa ukoo walikuwa wanakaa kwenye mkeka na Wifi, shangazi yao, wakitengeneza vitu. Walitoboa vifuniko vya soda wakavitunga kuwa pazia la mlango. Walikata maboksi wakapata vipepeo vya moto, wakashona wanasesere wa matambara wenye vifungo kwa macho. Lakini kazi yenyewe hasa ya msimu ilikuwa mikono.

Kwenu mnaviita nini sijui, vile vifuko vya kitambaa vya kutia kiganja ili ushike sufuria ya moto. Sisi tuliviita mikono, maana Wifi alimshonea kila mtu kwa kipimo cha mkono wake mwenyewe. Unakaa mbele yake, unatandaza kiganja juu ya kipande cha nguo yako iliyochakaa, naye anazungusha kijipande cha sabuni kikavu, kile ambacho mafundi wanachorea. Kidole gumba peke yake, vinne vilivyobaki pamoja. Ndani anatia blanketi kuukuu. Ile ya mwaka jana iliyoungua ncha inatiwa motoni, mipya inabanwa kwa vibanio kwenye kamba ya nguo juu ya vichwa vyetu. Mgeni akitusikia angetafuta njia ya kutokea. "Mkono wa Baba uko wapi?" "Nimeuchoma." "Na wangu?" "Kaukamue kwanza, unatoka mchuzi."

Saa za alasiri, upepo ukifa na moshi ukisimama wima, ile mikono ilikuwa inageuka. Taratibu, yote pamoja, viganja vikaelekea motoni. Mume wangu alisema ni joto linalopanda. Nami nilikubali kwamba ni joto.

Fundi yeyote atakuambia kwamba hukati juu ya mstari. Unaacha nafasi. Kuna nafasi ya mshono, na kwa mtoto kuna nafasi ya kukua. Wifi alimwachia kila mtu, hata wazee. "Mtu mzima naye anakua," alisema. "Anakua tumbo."

Msimu mmoja akakata mkono wa baba mkwe juu ya mstari kabisa. Mzee akajaribu kuutia, ukakwama kwenye gumba. "Mwanangu," akasema, "mwaka huu umeninyima nafasi." Tulicheka sote. Wifi hakucheka. Alichota pini akazitia mdomoni, na mvua hazijaanza tukamzika yule mzee.

Msimu uliofuata alikuja mjomba wao, mwanamume wa kunyanyua sufuria ya wali peke yake. Mkono wake ukaishia kwenye vifundo vya vidole. Akasema anashonewa kama kichanga, akautupa begani, akaendelea kula. Hata mwezi haukuisha tukaletewa habari kwamba ameanguka kituo cha basi akiwa na tikiti mkononi.

Mimi si mtu wa kuona mambo kila penye kivuli. Shuleni kwangu wapishi wenzangu wakianza habari za wachawi nawapa vitunguu wamenye. Lakini nilifunga safari hadi barazani kwa Wifi, nikakaa kwenye kigoda cha wateja, nikamuuliza kama anajua anachokifanya. Alizitoa pini zote mdomoni. Sikuwahi kumwona akizitoa zote.

"Mkasi ukifika pale hautaki kutoka nje ya mstari," akasema. "Nauvuta, unarudi. Nimebadilisha mkasi, wifi yangu. Nimebadilisha sana."

"Si uache kushona hiyo mikono?"

"Nikiacha, nitakuwa nimeacha kujua tu."

Mpiga pasi alikuwa anatutazama, pasi imetulia juu ya suruali ya mtu. Niliaga nikaondoka.

Sasa nije kwa mwanangu. Huyu mtoto nilimpata kwa taabu, baada ya miaka ya kuambiwa nivute subira na watu wenye watoto wao mgongoni. Tulimwita Chiriku, maana tangu alipojua maneno hakunyamaza. Aliongea akila, aliongea akioga, usingizini pia aliongea. Nilimgombeza kutwa nzima kwa ajili ya hiyo midomo, na ndiyo iliyokuwa raha yangu.

Siku hiyo Chiriku aliketi mbele ya shangazi yake, akatandaza kiganja juu ya kipande cha gauni lake la njano lililomkataa. Alikuwa anauliza kama samaki wanakunywa maji. Mimi nilikuwa nakoroga maharage. Nikasikia mlio wa mkasi unabadilika, ukawa kama unakwangua kitu. Nikageuka. Makali yalikuwa yanapita katikati ya mstari wa sabuni, unga mweupe unadondoka huku na huku. Wifi alikuwa anatiririka jasho, anauvuta mkasi nje kwa nguvu zake zote, na mkasi unakwenda unakotaka.

Niliacha mwiko ukazama sufuriani.

Akaushona hivyohivyo. Chiriku akautia. "Mama, unanibana," akasema, kisha akanyamaza. Alasiri alikuwa amelala kwenye mkeka, paji la uso linaunguza, macho yamefunguka yanaitazama kamba. Baba yake alimbeba mbiombio hadi zahanati, wakarudi na chupa ya dawa na maelezo kwamba ni jua, apewe maji mengi. Nikampa maji. Nilimuuliza kama samaki wanakunywa. Alinitazama tu. Ninyi hamjui ukimya wa mtoto msemaji.

Nilimkuta Wifi nyuma ya tangi, amechuchumaa, pini zimejaa mdomoni.

"Fumua," nikamwambia.

"Wifi..."

"Usiniwifi. Fumua, uache nafasi."

"Kitambaa kimeshakatwa."

"Ongezea."

Akazitoa pini moja moja, akazirudisha kwenye kikopo. "Nafasi haitoki hewani," akasema. "Ukiongeza huku, umepunguza kule. Unataka itoke wapi?"

"Itoke popote."

Aliniangalia toka utosini hadi unyayoni, kama siku ile ya kwanza, akatua kwenye mabega yangu. "Popote," akasema. "Haya."

Ndivyo nilivyosema, na leo ukiniuliza nitasema vilevile. Mtoto wangu alikuwa amelala pale mkekani. Mngesema nini ninyi?

Aliingia ndani, nikasikia cherehani ya mkono ikizunguka. Alipotoka alikuwa na mkono ule wa njano, na ubavuni umeongezewa ukanda wa kitambaa cha buluu chenye vidoto vyeupe, umeshonwa vizuri mpaka ungedhani ni urembo. Akaubana kwenye kamba mwenyewe. Kisha akakaa akaomba chai, na akaomba sukari iongezwe.

Kuku walikuwa karibu kuiva niliposikia sauti nyuma yangu ikiuliza, "Mama, kwa nini kuku magoti yake yanakunjikia nyuma?" Nililia kwenye moshi, nikasema ni moshi.

Wifi hakutundika mkono wake msimu ule. Alishikia sufuria kwa tambara la kudekia, akasema nguo zake kuukuu zimemwishia. Mimi nilikuwa na furaha yangu, sikuchunguza. Mwanangu alikuwa anapiga kelele uani, ningetaka nini tena?

Mvua hazijaanza, mpiga pasi akaja nyumbani kwetu asubuhi, kola imenyooka. Alisema alikuwa anamtania kama kawaida, hakujibiwa, akageuka. Wifi alikuwa ameinamia meza ya cherehani kana kwamba anatafuta sindano. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka, mzee alisema, na liliendelea kuzunguka mpaka alipoweka kiganja chake akalisimamisha.

Kazi ya kukusanya vitu vyake niliachiwa mimi. Chini ya cherehani kulikuwa na kikapu cha vipande vya nguo, na chini ya vipande nikakuta mkono. Buluu, vidoto vyeupe. Nililijua lile gauni lake. Ubavu mmoja ulikuwa umepunguzwa kwa mkasi, wembamba wa ajabu, kisha ukapigwa mshono safi, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi ikining'inia nyuzi. Nilijaribu kuuvaa. Viliingia vidole viwili.

Nilikaa kwenye kigoda cha wateja nikamlilia wifi yangu kwa sauti, barabarani, watu wakipita. Nilimpenda. Nilikuwa simpendi, halafu nikampenda, na sikuwa nimemwambia hata moja kati ya hayo mawili.

Msimu wa joto uliporudi tulihamia tena pale uani, maana nyumba ilibaki kwetu. Kamba ilikuwa tupu. Chiriku akaanza, mikono iko wapi, nani atashona mikono, Mama kashone, Mama unajua kushona, Mama. Mimi na sindano wapi na wapi? Lakini nikachukua kikopo cha Wifi na mkasi wake, nikakaa kwenye mkeka.

Nilianza na yeye. Nilishika mkasi kama mtu aliyeshika nyoka. Ukatoka nje ya mstari wenyewe, mbali, ukazunguka kwa raha zake, na mkono uliotokea ulifanana na bata. Chiriku alicheka mpaka akagaagaa. Nami nikacheka, mwili wote ukalegea, nikasema kumbe ni kitambaa tu.

Mume wangu akaacha moto akaja kuketi mbele yangu. Akatandaza kiganja juu ya shati lake kuukuu, kucha nyeusi kwa mkaa. Nikazungusha sabuni. "Mama Chiriku," akasema, "mwaka huu uniachie nafasi, nimenenepa."

Nikaanzia kifundoni. Mkasi ulipofika kwenye kidole kidogo nikauvuta nje. Ukarudi. Nikauvuta tena, na unga mweupe ukaanza kudondoka huku na huku. Upepo ulikuwa umekufa. Sikuinua macho kuitazama kamba. Niliangalia gauni nililovaa, lile la kwanza alilonishonea, na pindo pana aliloniachia kwa chini.

"Mbona umenyamaza?" mume wangu akauliza.

Nilichota pini kwenye kikopo, nikazibana midomoni moja baada ya nyingine, kisha nikamtazama tu.