Alidai sheria ya urithi, akanufaika jirani

Krrr, krrr, krrr. Ukungu bado umelala juu ya kilima cha Gitambi, na mlio huo unaupenya: chuma kinasaga kitu kibichi, na sauti ya mwanamke inakikemea: "Zunguka, we kichwa nguvu!"

Anayekemewa ni mashine ya mkono ya kumenya kahawa. Gaudiose Mukabera, mwenye miaka thelathini na mmoja, anaizungusha kwa mikono miwili. Maganda mekundu yanamwagika upande mmoja, punje upande wa pili. Macho yake hayako kwenye punje. Yako ng'ambo ya mfereji, kwa jirani yake Umuhire.

"Muangalie," anasema. "Hata kuku yake inatembea kama iko na sheria."

Wivu huo una sababu. Tangu sheria mpya ya urithi ilipotoka mwaka jana, 1999, binti anarithi sawa na kaka yake. Mzee Ntabaza, baba wa Umuhire, aliisikia redioni, akamkatia bintiye fungu la shamba la kahawa. Baba wa Gaudiose hakuisikia. Alifia Bukavu mwaka 1996, vita vilipoifikia kambi ya wakimbizi walimoishi. Ofisa mmoja amemwambia binti yake kwamba sheria haimfikii aliyefiwa kabla haijatoka.

Gaudiose alirudi kwa miguu, peke yake, akakuta kahawa imemezwa na magugu. Akapalilia, akapogoa, akatandaza nyasi chini ya miti mia moja na themanini. Baadaye kaka yake, Cassien, akatokea misitu ya Kongo akiwa hai. Dada alilia kwa furaha. Sasa kaka anataka shamba lote, na amempa dada yake hadi mwisho wa mavuno haya awe ameondoka.

"Anasema mutoto mwanamuke ni mugeni tu," Gaudiose anasema. "Mugeni gani analimaka miaka yote hii?"

Kuna linalomchoma zaidi. Mwaka 1998 wajumbe kutoka Kigali walikuja hapa jirani, Mibirizi, kuwauliza wanawake wanataka nini katika sheria hiyo.

"Miye nilisimama. Nikasema: banaume bamoja bamekufa, bengine beko gerezani, bengine beko Kongo. Nani analisha hii inchi? Umuhire alikuwa pembeni yangu, ananyonyesha. Hakufungua kinywa. Leo yeye iko na shamba, mi niko na makofi balinipigia."

Wapo wanaodhani sheria huzaliwa ofisini. Hii ilisukumwa na wanawake walioshika majembe juu ya ardhi isiyoandikwa jina lao, hadi serikali ikashindwa kuwapita kimya. Gaudiose alisukuma nao. Mlango ulipofunguka, wakaingia wengine.

Mashine inanyamaza. Umuhire mwenyewe amevuka mfereji, kanga imekaa upande, macho mekundu.

"Dada, kaka zangu bameng'oa miyenzi yote," anasema. Miyenzi ndiyo miti ya mpaka iliyopandwa na baba yake. "Papa ni mugonjwa, hawezi kusimama. Kesho konseye anasikiliza kesi." Konseye ni diwani wao. " Banasema mpaka haukukuwako."

"Na miye nifanye nini?"

"We uliona papa akipanda."

Gaudiose anacheka kicheko kikavu. Aliona. Siku ile aliacha kazi, akakaa kwenye jiwe tangu asubuhi hadi jua la utosi, akiutazama kila mti ukizama ardhini, roho ikimuuma. Kilimani kote hakuna aliyeutazama mpaka ule kama yeye.

"Najua unanioneaka wivu," Umuhire anasema taratibu.

"Sana. Hata sasa."

"Basi hautakuja."

Gaudiose anafuta mikono yenye utelezi wa kahawa kwenye sketi yake. Anatazama juu, kwenye nyumba ya Cassien, kisha anamgeukia jirani yake.

"Nitakuja. Nitaonyesha kila shimo, mbele ya kaka zako. Na konseye hataamka kwenye kiti kabla sijamuuliza ya kwangu, Cassien akisikia. Nakuapia, Umuhire: kesho tutaenda wawili, na mashamba tutadai mawili."