Moshi Kati ya Nguzo Mbili

Daktari Mzungu aliyeleta mashine ya kuchora sauti hakuwa na haja na mioyo yenye afya. Alitaka yenye kelele, na katika Temeke yote hakupata moyo uliompendeza kama wa dada yangu.

Alimlaza, akamwekea kipaza sauti kifuani, akamwamuru abane pumzi. Kalamu ikapita na kupita juu ya karatasi, chumba kikanuka kuungua. Dresa, mfunga vidonda wa hospitali aliyekuwa akitutafsiria, alitufundisha kuisoma: muda unakwenda kushoto hadi kulia, sauti nzito hukaa chini, nyembamba juu, na yenye nguvu huwa nyeusi zaidi. Moyo wenye afya huchora nguzo mbili nyeusi na kuacha peupe katikati. Kati ya nguzo za dada palijaa moshi. Kilango kimoja cha moyo hakifungi, alisema, damu inarudi ikivuma. Dawa yake hapakuwa nayo. Daktari alisema hajawahi kupata picha nzuri kama ile, akampa nakala.

Dada hakuwa amezoea kusifiwa. Akaibandika ukutani, juu ya mkeka wa wageni.

Hapo ndipo shangazi wa mchumba wake alipoiona, alipokuja kupanga siku ya ndoa. Akauliza ni nini. Dada, mikono ikinuka iliki, akamweleza yote kama alivyofundishwa na dresa, kwa furaha.

“Na wa asiyeumwa unakuwaje?”

“Hapo kati panakuwa peupe, shangazi.”

Yule mama akaweka kikombe chini. “Basi tuletee peupe, mwanangu. Ndoa ipo.”

Tulirudi hospitali. Dada aliomba moshi uondolewe, na daktari alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akazungusha kitufe kama mtu anayepunguza redio, akaziba sauti zote nyembamba, ndizo zilizochora moshi, mashine ikachora upya. Nguzo mbili, peupe kati. Dresa alitwambia kwamba iliyozibwa ni mashine tu, moyo ni uleule. Dada alikuwa ameshaikunja karatasi kwenye kanga.

Shangazi aliitazama sana, akaisifu. Halafu akamwita dada akae mbele yake, akalaza sikio mgongoni pake. Mama aliacha kutwanga. Mie nilibana pumzi, kana kwamba ningesaidia kitu.

“Karatasi yako nzuri,” alisema, akijifunga ushungi. “Ibandike. Mwanetu tutamtafutia asiyehitaji kuchorwa mara mbili.”

Walimpata upesi, mtaa wa pili, na wakatualika harusini. Nilidhani dada hataenda. Alipaka wanja, akavaa gauni alilokuwa ameshonewa kwa siku yake mwenyewe, tukatembea polepole, tukisimama kila alipoishiwa pumzi. Wanawake walimpisha, wengine wakicheka ndani ya kanga. Alikwenda kukaa karibu kabisa na ngoma. Nilimvuta mkono, nikamwambia kelele zitamuumiza.

“Niache,” alisema. “Hapa hakuna atakayenisikia.”