Aliyegonga Juu ya Bati

Nilikuwa na miaka tisa tulipohamia nyumba yetu ya mabati huko Kiminini, na muda si muda nikaamini kwamba marehemu shangazi yangu anaishi juu ya paa.

Nyumba yenyewe tuliitamani sana. Kabla yake tulikuwa tukikaa katika vyumba viwili vya udongo nyuma ya maduka, paa la nyasi likivuja kila mvua ya Aprili. Baba alijenga polepole, na siku tuliyoingia Mama alizunguka chumba hadi chumba akigusa kuta. Alikuwa mjamzito. Mdogo wangu alizaliwa wiki chache baadaye, akapewa jina la Kikuyu, Wanjiru, kwa ajili ya mama mzazi wa Mama aliyekuwa anaishi Kachibora. Wazazi wangu walikuwa wamekubaliana hivyo tangu zamani. Mimi nilipewa jina la Kibukusu la upande wa Baba, Nekesa, kwa kuwa nilizaliwa wakati wa mavuno. Wa pili angekuwa wa upande wa Mama.

Wanjiru hakulala. Ananyonya kidogo, macho yanaanza kufumba, kisha juu ya bati kunasikika *ko!* na mtoto anashtuka, mikono inaruka, kilio kinaanza upya. Kugonga huko kulikuja zaidi alasiri, wingu lilipofunika jua. *Ko*, kimya, *ko, ko*, mara upande wa mlango, mara juu ya kitanda. Upepo ukivuma, bati lote lilitetemeka kama sinia. Baba hakuyasikia vizuri mambo hayo. Alifanya kazi kwenye kinu cha kusagia unga wa posho Kitale miaka mingi, na masikio yake yalikuwa yamezoea kelele hadi yakachoka. Mama alimwambia kila jioni, naye kila jioni alijibu, "Si ni bati tu, Mama Nekesa. Atazoea."

Mtoto hakuzoea. Alipofika wiki ya saba, muuguzi wa zahanati alimpima akatikisa kichwa, kwa sababu uzito wake ulikuwa umeshuka. Mama naye alikuwa amekonda, maziwa yamepungua. Nilimkuta siku moja amesimama uani na mtoto mgongoni, analia bila sauti, akitazama paa lile alilolitamani.

Ndipo Kukhu akaja. Kukhu ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kibukusu, na huyu alikuwa mama yake Baba, kutoka kijijini upande wa Bungoma. Mwaka uliotangulia alikuwa amemzika binti yake wa mwisho, shangazi yangu Nasimiyu, aliyeugua kwa muda mfupi akafa kabla ya kuolewa. Watu walisema Kukhu hakulia mazishini. Aliwapikia waombolezaji tangu asubuhi, akaosha sufuria, akaenda zake kulala.

Alasiri ya kwanza alikaa sebuleni na kikombe cha chai. Jua likaingia mawinguni. *Ko. Ko, ko.* Wanjiru akapiga yowe. Kukhu aliweka kikombe chini taratibu, akainua uso juu.

"Kuna mtu," alisema.

"Ni bati, Mama," Mama alimjibu.

"Bati haiwezi kuliza mtoto hivi. Huyu anaitwa na mtu. Mtu anataka jina." Kukhu aliongea Kiswahili kwa ajili ya Mama, ambaye Kibukusu chake kilikuwa cha kuombea maji tu. "Sisi mtoto akilia hivi, tunaita majina ya wenye walienda. Jina yake ikifika, ananyamaza. Huyu ni Nasimiyu. Mimi najua vile alikuwa anagonga mlango."

Mama alikaa wima. "Mtoto yuko na jina. Mama yangu yuko hai, alishaambiwa, alishamletea shuka. Nimwambie nini sasa? Ati jina lake limekataliwa?"

"Mimi sikatai mama yako. Nasema mtoto atakufa."

Mama alimchukua mtoto akaingia chumbani. Baba aliporudi kutoka Kitale aliwakuta kila mmoja chumba chake, akaniuliza mimi kumetokea nini. Nilimwambia Shangazi yuko juu ya bati. Aliinua uso akalitazama bati, kisha akaenda kunawa.

Tangu hapo niliogopa kila chumba chenye paa, yaani vyote. Nasimiyu alikuwa amenibeba mgongoni hadi mtoni mara nyingi, nilimpenda, lakini mtu aliyekufa nilimwazia kwa namna nyingine. Nilimwona amechuchumaa juu, kidole kimekunjwa, anasubiri tusinzie.

Jumamosi moja Kukhu alikwenda sokoni, Baba yuko kazini. Mama akaniachia mtoto ili akimbie shambani kuleta mboga kabla ya mvua. "Sikawii," alisema. Hakuwa ametoka hata robo saa mbingu ikawa nyeusi. Bati likagonga, zaidi ya nilivyowahi kusikia, likizunguka nyumba nzima. Wanjiru alilia hadi uso ukabadilika rangi. Kisha mvua ya mawe ikashuka.

Asiyewahi kukaa chini ya bati tupu wakati wa mvua ya mawe hawezi kuelezwa. Nilifungua kinywa kupiga kelele na sikujisikia. Nilimwona mdogo wangu analia, midomo imefunguka, ila sauti yake haikunifikia. Nikajua kabisa kwamba Shangazi amekasirika na amekuja kumchukua.

Nilimkumbatia nikakimbilia stoo. Humo kulikuwa na magunia ya mahindi yamepangwa mawili mawili, na pengo dogo kati yake na ukuta. Nikajipenyeza, nikavuta magunia matupu yaliyokuwa kando, matano au sita, nikatufunika wote wawili, nikiacha tundu la kupumulia. Kelele ikaenda mbali, ghafla, kama imehamia boma la jirani. Ndani ya giza lile lenye harufu ya mahindi nikasema, "Shangazi Nasimiyu, tumekusikia. Ni huyu hapa. Jina lako tumempa. Tafadhali nyamaza."

Wanjiru alipumua kwa kwikwi mara mbili tatu. Akanyamaza. Akalala.

Mama alirudi amelowa, mguu mmoja bila kiatu. Nilimsikia akiingia chumbani, akikuta kitanda kitupu, kisha akiniita kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena maishani. "Niko huku!" nilijibu. Aliyarusha magunia. Alipoona mtoto anapumua, usingizi mzito, mkono mdogo umefunguka, alikaa sakafuni palepale na maji yakimtiririka, akacheka huku akilia.

"Amelala aje?"

"Nilimfunika na magunia. Huku hakuna kelele."

Mama akatazama juu, akatazama magunia, akatazama juu tena. Kuhusu jina sikusema. Hilo nilimwambia Kukhu jioni, kwa kunong'ona. Alinishika mkono kwa nguvu. "Usimwambie mama yako. Atafikiri mimi ndiye nilikutuma."

Siku mbili baadaye, kwa kusukumwa na Mama, Baba alikuja na fundi wa mtaa wa Kipsongo aliyeitwa Ekai, mwanamume mrefu asiyependa maneno mengi. Alipanda juu kabla ya chai, akashuka na kiganja cha misumari.

"Mwenye aliezeka hii hakuweka raba," alisema. "Na mbao ziko mbali mbali sana. Jua ikipiga, bati inavutika. Ikipoa, inarudi. Ndio hiyo kugonga. Na hapa chini hakuna siling, kwa hivyo nyumba yote ni ngoma."

Baba aliona haya. Ekai aliongeza mbao, akapigilia misumari mipya yenye raba, na Mama akasema dari atalitengeneza mwenyewe. Tuliosha magunia ya katani, tukayafumua, tukayashona mawili mawili kwa sindano kubwa. Siku ya pili ya kushona nilishindwa kuvumilia nikamwambia Mama yote niliyosema stoo, hadi neno la mwisho. Nilingoja kofi.

Mama aliendelea kuvuta uzi. "Huyo shangazi yako," aliuliza baadaye, "alikuwa anakubeba?"

"Ndiyo. Hadi mtoni."

Akakaza fundo, akavuta gunia jingine.

Dari lilipokwisha kupigiliwa, alasiri ilikuja kama kawaida, wingu likapita. Tulisubiri wote, hata Baba. Kimya. Wanjiru alinyonya hadi akashiba, akaachia titi mwenyewe. Mabega yangu yalishuka kama nimetuliwa mtungi. Kisha nikamwona Kukhu. Alikuwa ameinua uso, anasikiliza, na katika uso ule hapakuwa na furaha. Alionekana kama mtu aliyeachwa.

Mama naye alimwona. Aliinuka, akamwekea mtoto mapajani. "Mama, mshike. Wanjiru ni jina la mama yangu, hilo linabaki. Lakini hajapewa la upande wenu. Mwite."

Kukhu alimpakata, akamfunika vizuri kwa shuka. Kisha akasema, "Nasimiyu." Akarudia, na tena, mpaka machozi yake yakadondoka juu ya shuka la mtoto. Baba alitoka nje. Mama alibaki amekaa karibu, bega kwa bega naye.

Mdogo wangu ana uzito wa kutosha siku hizi, na majina yote mawili yameandikwa kwenye kitambulisho chake. Watu wakiniuliza ni nini kilichomnyamazisha, huwa namtaja Ekai na magunia, na ninaamini ninachosema. Bado, sijawahi kumcheka Kukhu. Nimekuwa mama mwenyewe, na naelewa sasa kwamba mzazi aliyemzika mwanawe bila kulia alihitaji nyumba ambamo jina lile lingeitwa kila siku, kwa sauti, na mtu aitike.