Mtu Mzima wa Tatu

Wilondja alikuwa ameketi mbele ya meza ya Kezia, Mkenya aliyeshughulikia mikopo ya nyumba. Nyumba aliyoitaka ilikuwa mashambani, mbali kupita mji wa Plano, ambako serikali ilidhamini mikopo ya watu wa kipato kidogo. Mkewe Josiane alikwisha kuchagua hata mahali pa kupanda lengalenga, mchicha wa kwao.

"Nyumbani mko watu wazima wangapi?" Kezia aliuliza.

Wilondja alimtazama Émile, mdogo wa mkewe, aliyemleta kwa gari na sasa ameketi kando yake. Walikuwa wakikaa naye tangu alipotoka kambi ya wakimbizi.

"Watatu," akasema kwa sauti ndogo.

"Na huyu anafanya kazi?"

"Ghalani, pamoja nami."

Kezia aliweka kalamu chini. "Basi mzee, mshahara wake nao unahesabiwa, na mtapita kiwango cha kipato. Labda kama ni mgeni wa kupita tu."

Neno moja tu, na nyumba ingekuwa yao. Émile alikuwa ameinamisha kichwa, akitazama viatu vyake.

"Si mgeni," Wilondja akasema.

Garini Émile alinung'unika, "Shemeji, ungemkubalia tu. Ningehama."

"Mgeni gani anayetugombeza chumvi ikizidi?"

Émile alicheka. Wilondja hakuweza. Njia nzima alitafuta maneno ya kumwambia Josiane kwamba nyumba wameikosa, na walipofika alikuwa bado hajayapata. Josiane alikuwa amesimama mlangoni akiwangoja, pakiti ya mbegu mkononi.