Kisu Nilichokichagua kwa Kukitazama

Mwanangu, umeniuliza ununue kisu gani cha kukunja. Ngoja nikukumbushie mwaka nilionunua changu cha kwanza. Nilikuwa mjane, kijana bado, nalima pamba karibu na Segese kwa maksai wawili alioniachia marehemu.

Muuza duka mmoja wa mtaa wa Kambarage, mjini, aliniwekea viwili mezani. "Hiki cheupe hakishiki kutu," akasema. "Hiki cha kijivu kitashika usipokipaka mafuta, ila chuma chake kinanoleka upesi na makali yanadumu." Nikachukua cheupe. Kusema kweli, nilipenda kilivyong'aa.

Msimu wa kulima, maksai mmoja aliteleza akatumbukia mtaroni, kamba ya nira ikamkaba shingo. Nikatoa kisu. Asubuhi ile nilikuwa nimekikatia mabua, makali yameshalala. Nilikata huku nalia, kisu kinateleza tu juu ya katani. Mama mkwe wangu akaja mbio na kisu chake cheusi, akavuta mara moja, kamba ikaachia. Maksai alikuwa ameshakufa.

"Mayu," akaniita, yaani mama kwa lugha ya kwetu, "kisu hiki ulikijaribu kabla ya kukinunua?"

"Sikukijaribu, mama."

"Ulikitazama tu." Akaenda kumtuliza maksai aliyebaki.

Shamba lililosalia tulilima kwa jembe la mkono, yeye na mimi, mpaka viganja vikachubuka. Sikuacha hata tuta moja.

Baada ya kuuza pamba nilirudi dukani na kamba ya katani na jiwe la kunolea.

"Shikamoo. Nipe visu vitatu, nikate kamba hii."

"Marahaba. Mama, utaniharibia mali!"

"Kikishindwa hapa, shambani kitaniulia ng'ombe."

Watu wakajaa mlangoni. Sikujali. Nilikata mara ishirini kwa kila kimoja. Cheupe kilichoka mapema. Cha pili kilikuwa kigumu mno, jiwe halikukipata kabisa. Cha kijivu kilipochoka, nilikipitisha jiweni mara chache, kikakata kama mwanzo. Ndicho nilichoondoka nacho, na kila jioni nilikifuta na kukipaka mafuta.

Sisemi cheupe ni kibaya, mwanangu. Anayeshinda majini kitamfaa kuliko changu. Ila wewe ijue kwanza kazi yako, uulize ni chuma gani, kisha ukijaribu kwa mkono wako mwenyewe, hata wakikucheka. Usione haya mbele ya muuza duka ukaja kujuta shambani.

Mungu aitie nguvu mikono yako, na ng'ombe wako wazeekee zizini.