Mama Aliyeitwa Wewe

Tangu wakimbizi waingie, wapiga chapa karibu wote wa Ngara wamehamia kwenye mashirika ya misaada. Juzi nilikaa asubuhi nzima kwenye benchi la wakili mmoja nikisubiri muhuri, na mpiga chapa aliyebaki pale ni mama wa makamo. Wakili, kijana wa kumzaa, anamwita “Wewe!”

Mzee kutoka Murusagamba alikuwa akila kiapo kwamba miti yake imekatwa kuwa kuni za kambini. Dole gumba lilikwisha kupakwa wino.

“Wewe! Nakala ya pili iko wapi?” wakili akafoka.

Mzee akarudisha mkono wake. “Mwanangu, huyo mama hana jina?”

“Mzee, weka dole gumba.”

“Nitaweka. Mwite vizuri kwanza.”

Wakili akatazama saa, akatazama wino unavyokauka, akashusha pumzi. “Mama,” akasema kwa sauti ndogo, “naomba nakala ya pili.”

Mawakili wetu hawachoki kulalamika kwamba mashirika yanawanyang'anya wafanyakazi kwa mishahara minono. Labda. Ila yule mama hakuinuka. Aligeuka kutazama mlangoni, aone ni mama gani aliyeingia.